Zulia la Pijo

Tumeling'oa zulia kuukuu la Pijo ya Bi Kagoya,
hapa gerejini, Walukuba, Jinja.
Limetoka vipande vipande, likinuka mvua za zamani.
Chini yake punje tatu za kahawa, kibanio cha nywele,
shilingi isiyonunua kitu tena,
na vumbi jekundu la Kamuli, laini kama ugoro.

Tukapiga kutu msasa, tukapaka rangi, tukangoja ikauke.

Nikamwambia Isabirye, mwanagenzi wangu:
"Jicho hudanganya. Laza kuukuu juu ya jipya,
fuata ukingo, ongeza upana wa kidole."
Nikaenda kununua gundi.

Niliporudi, kijana alikuwa amefuata kila kitu:
hata lile tundu chini ya pedali ya mafuta,
lililochimbwa na kisigino cha marehemu miaka thelathini,
amelikata, duara safi, kwenye zulia jipya.

Nilifoka mpaka mate yakanikauka. Zulia lenyewe, bei yake!

Bi Kagoya akafika. Akaketi penye usukani,
akavua kiatu.
Kisigino chake kikazama tunduni,
hakikugusa kingo.

"Baba alikuwa na mguu mkubwa," akasema.
Kisha: "Gundisheni hivyo hivyo."