Kitasa cha Kibokoni

Mbambakofi hii ilikuwa mlango wa mamangu
kabla nyumba ya Kibokoni haijauzwa.
Siku ya pili leo nairanda uani. Maranda yake
yanuka udi bado, na mafuta ya taa.

Skrubu nimetia za shaba. Chumvi ya mji huu
hula chuma usiku; asubuhi wakuta kutu.

Ndani, kulabu kumi na moja:
geti, duka la Makupa, tangi la maji
(huo hupotea siku ya mgao, kila mara),
pikipiki ya Shebwana, na funguo tatu
ambazo hakuna ajuaye za wapi.
Nazo nimezitundika.

Kitasa ni kile kile cha mlango,
kizito, chataka kukishinda kijikabati chenyewe.
Mwanakheri acheka: "Umejenga jela ya kufungia nzi!"
Nikazungusha. Kikakoroma, kikakubali.

Sasa ufunguo wake tuuweke wapi?
Ndani haiwezekani. Juu ya friji, watoto.
Tukabishana hata chai ikapoa.
Kisha akauchukua,
akaufunga pindoni mwa leso,
mafundo mawili, kama mwenyewe zamani,
na tangu hapo
hatoki mtu nyumba hii bila kumwomba.