Haiuzwi

Mwezi wa kumi, Katuba. Joto limekaa juu ya mabati
kama mdai asiyetaka kiti.
Mjini jakaranda zimekwisha kumwaga zambarau
kwenye barabara za wenye lami;
kwetu kilichomwagika ni vumbi, jekundu,
mpaka ndani ya chumvi.

Nina ndoo ya chokaa na brashi ya kuazima.
Ninafuta maneno ya baba.

Aliyaandika mwaka ule baba mdogo Numbi
alipoleta wanunuzi usiku, baba akiwa zamu kiwandani.
Alisaga makaa ya betri za redio,
akakoroga na oili chafu, akapanda kreti ya bia:
NYUMBA HII HAIUZWI.
N ya kwanza aliigeuza. Tulicheka.
Hakuirekebisha. Alisema,
anayekuja kuiba hasahihishi imla.

Miaka ishirini na sita tumelala nyuma ya sentensi hiyo.
Wageni tuliwaelekeza nayo:
pita bomba la maji, ukiona N imetazama kwao, umefika.

Sasa tumebaki watatu na karatasi moja.
Kabange yuko Kolwezi, anataka fungu lake kabla ya Noeli.
Dada Mwadi anapiga simu toka Ndola,
anauliza bei kabla ya kuuliza hali.
Mimi niliyebaki nimeachiwa funguo, ndoo,
na komisionea Chola, mwenye viatu vinavyong'aa
hata kwenye vumbi hili. Sijui anavipitisha wapi.

"Uza kabla ya mvua," anasema.
"Kiangazi hakuna nyumba inayovuja."

Napajua mahali patatu: juu ya kitanda cha mama,
pembeni mwa kabati,
na pale mlangoni tulipotega sufuria
tukila bukari kimya, tukisikiliza sauti
ikipanda kutoka bati tupu hadi maji,
na mama akisema, bado, bado, sasa. Kamwage.

Chokaa ya kwanza: maneno yote yako pale,
kama mishipa chini ya ngozi ya mtu mzima.
Chokaa ya pili: nyumba imefutika, hii imefutika.
Ya tatu, jua linakausha, nasogea nyuma kuangalia,
imebaki HAI.

Nilisimama na brashi mpaka ikakauka.
Kisha nikaichovya tena.

Mama Kalenga alikuja Jumamosi, na dola kwenye kopo la maziwa.
Chola alizihesabu, akakataa mbili zilizochanika pembeni,
akazihesabu upya, akilamba kidole.
Radi ilipiga upande wa Kasapa.
Hakuna aliyeinua kichwa, ila mimi.

Tone la kwanza lilianguka mezani,
juu ya noti, katikati ya uso wa yule mzungu.
Chola akakohoa. Mama Kalenga akatazama dari,
akatazama sakafu, akainuka
akaivuta meza hatua mbili, kama mtu wa mule ndani.
"Kwingine ni wapi?"
Nikamwonyesha. Pote patatu.
Akapunguza dola mia nne, bila kelele, na mimi sikubisha.

Mvua ilipokatika tulitoka nje.
Chokaa ilikuwa inatiririka mtaroni, nyeupe,
watoto wa jirani wanaitia miguu.
Na ukuta ulikuwa unasema tena, wote, kwa sauti ya baba,
N ikiwa imetazama kwao.

Chola alianza kuapa kwamba kesho, mapema,
rangi ya mafuta, kwa gharama yake.

Mama Kalenga alisoma polepole, midomo ikitembea.
"Nani aliandika?"
"Baba."
Akalifunga kopo lake tupu.
"Iacheni," akasema. "Mume wangu amekufa mwezi wa tano.
Nami nina mashemeji."

Brashi niliirudisha kwa mwenyewe jioni ile.
Akaniuliza kama kazi imekwisha.
Nikamwambia ndiyo.