Miezi Isiyo na Mechi

Oktoba ilikwisha kwa mkwaju wangu:
uligonga mwamba, ukarudi uwanjani
kama mbwa aliyeitwa na mwenyewe.
Hakuna aliyenilaumu.
Ndiyo maana lawama naisikia kila mahali,
hata kwenye kibaniko cha mkate kinaporusha vipande.

Sasa ni Januari, saa kumi na mbili kasorobo,
kaskazini kabisa mwa Michigan, baridi ya kugandisha kope.
Ukumbi una wenyewe: wasichana wa kikapu wana mechi Ijumaa.
Sisi tumeachiwa korido,
kutoka maabara ya kemia hadi kabati la vikombe
(vya kuogelea, vyote),
na ngazi. Ngazi arobaini na moja.
Nimezihesabu kwa mapaja, si kwa macho.

Kocha Heikkinen hana maneno.
Usiku kucha huendesha greda la theluji la kaunti,
alfajiri hutujia na buti zinazochuruzika,
akinywea kahawa kwenye kifuniko cha chupa,
na kusema, "Tena."
Neno lake la heri ndilo hilo, na la shari ndilo hilo.

Tuuli ana daftari.
Jana danadana mia mbili na kumi na mbili, chumbani,
mpaka baba yake akagonga dari kwa mpini wa ufagio.
Delphine goti lilimchanika Septemba;
anasimama kwa mguu mmoja, macho kafumba,
anatetemeka, anahesabu kwa Kifaransa cha bibi yake,
akifika thelathini anabadilisha mguu
na uso wake unabadilika pia.
Aune, kipa wetu, anadaka mipira ya tenisi
inayodundishwa ukutani, chini ya picha za wahitimu wa 1974.
Anamkosea Bwana Fulani mwenye masharubu
karibu kila siku.

Wanasema haba na haba hujaza kibaba.
Hakuna aliyeniambia
kibaba chenyewe kina ukubwa gani.

Nani hufanya mazoezi ya mechi isiyokuwapo?
Hakuna jukwaa, hakuna filimbi,
hakuna mama anayekosea jina la refa.
Pumzi tu, na raba zikilia kwenye sakafu iliyopigwa nta.

Halafu Jumamosi moja akatuita nyuma ya shule,
maegesho ya walimu.
Alikuwa amemaliza barabara za kaunti mapema
na mafuta yalikuwa yamebaki.
Alikwangua eneo la hatari, kamili, kwa vipimo,
kuta za theluji zikitufika kiunoni,
lango ni mabeleshi mawili
na kamba ya kuanikia nguo juu yake.
Akahesabu hatua kumi na mbili ndefu.
Akainamisha chupa yake:
kahawa iliyobaki ikaingia kwenye barafu,
doa la kahawia, dogo, likitoa mvuke.

Akanitazama mimi.
"Tena."

Wa kwanza Aune aliudaka, akaanguka kwenye theluji akicheka.
Wa pili ulikuwa mgumu kama jiwe, kidole gumba kiliona nyota.
Wa tatu uliingia. Hakuna aliyeshangilia,
Tuuli alipiga chafya tu.
Wa nne. Wa tano, ile kona ile ile ya Oktoba,
na kamba ya nguo ikatikisika ikakaa kimya.
Wa sita ulipita juu ya ukuta
ukazama bila sauti.

Tuliutafuta mpaka vidole vikakosa habari.
Delphine aliingia hadi goti lake baya, akakatazwa, akaingia tena.
Kocha akapanda greda lake.
"Uacheni," alisema, maneno mengi kuliko ya mwezi mzima.
"Aprili utaota wenyewe."

Jumatatu, ngazi.