Mafuta Yaliyoacha Kulala

Mama hakuwa na kipimajoto.
Alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi
kwenye ukingo wa dirisha, hapa hapa Chaani,
chupa iliyokuwa ya siki, kizibo cha gunzi,
na kila alfajiri aliiinamisha kidogo
akaisoma kama mwingine asomavyo saa.

Kaskazi ikitamalaki, mafuta yalikuwa maji:
yalikimbia chupani, ukaona kidole chako upande wa pili.
Masika yalipoanza kuondoka, yalishika ukungu.
Lakini Kipupwe!
Julai yaliamka meupe, magumu kama mshumaa,
na Mama akasema kwa sauti ya chini,
kana kwamba mna mtoto mchanga mle ndani:
"Mafuta yalala leo. Vaa fulana mbili."

Tuliyaamsha kwapani.
Dada yangu Mwanasiti aliibana chupa
akarukaruka uani kwa mguu mmoja,
akilia kuwa baridi yamuuma mbavu,
mpaka litoke tone la kwanza,
tukapakana visigino vilivyopauka,
tukaenda shule tukinukia nazi,
tukijidanganya kuwa twatoa moshi mdomoni
kama watu wa Limuru.

Baba alilala mchana.
Usiku alikuwa fundi wa vali kiwandani,
palipokuwa pakisafishwa mafuta mengine, meusi,
yasiyojua kulala.
Mwenge wa mtambo uliwaka juu ya bomba refu
na mwanga wake ukaingia hadi kitandani kwetu,
rangi ya papai bivu, ukicheza ukutani.
Hatukununua taa ya usiku.
Niandike ukweli: tuliupenda ule moto.
Ndio ulionunua zile fulana mbili.

Sasa mwenge umezimwa. Baba yuko Kikowani.
Na Julai hii nimeiinamisha chupa siku thelathini na moja,
na siku thelathini na moja mafuta yamekimbia.
Joto la mchana laingia nasi kitandani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Feni yazungusha hewa ile ile.
Redio yasema ni moshi, wa dunia nzima, wa miaka mingi,
wa miji ambayo haijapata kulisikia jina la Chaani.
Naamini. Moshi hauombi pasipoti.
Lakini mimi nililishwa, nikavishwa, nikasomeshwa
na bomba moja katika mabomba hayo,
kwa hiyo sisemi "wao" kwa haraka.

Jana mjukuu wangu Nuswaiba, wa miaka minane,
aliniuliza mafuta yalalaje.
Nikaitia chupa kwenye friji,
kati ya bakuli la mbaazi na dawa yangu ya sukari.
Friji ikaguna, ikavuta umeme
kutoka kule chini Kipevu,
ambako mafuta meusi bado yachomwa.
Mita ikalia: zimebaki uniti nne.
Kipupwe cha uniti nne.

Baadaye yalilala.
Nuswaiba akaitwaa chupa kwa mikono miwili,
akaiweka shavuni, akafumba macho.
"Ndicho hiki?"
"Ndicho. Lakini kilikuwa nje."
"Nje wapi?"
Nikamwonyesha dirisha, uani, kamba ya nguo,
ukuta wa jirani, mabati yanayomeremeta,
mkono wangu ukienda, ukienda,
nikakosa pa kuusimamisha.

Alipoitazama tena, pembeni palianza kung'aa,
uzi mwembamba wa maji ukilizunguka donge jeupe.
"Nyanya, yaamka," akasema,
kwa sauti ya chini,
naye hakupata kumsikia Mama.