Mpiga Chokaa

Baba hakucheza. Mguu wake wa kushoto
uliangukiwa na robota la pamba gatini Kigoma,
enzi ambazo Wabelgiji walihesabu mizigo kwa Kifaransa
na vibarua wakawaitikia kwa Kiswahili cha Ujiji.
Wenzake walipounda timu
wakampa ndoo, brashi ya katani, gunia la chokaa:
"Feruzi, tuchoree uwanja."

Kabla ya hapo hapakuwa na mistari.
Chandimu ilifukuzwa kutoka relini
hadi kwenye vichanja vya dagaa,
na goli lilikuwa ubishi.

Alipima kwa kamba ya kufungia meli.
Alipima kwa hatua, akihesabu mguu mzima tu.
Jioni alirudi mweupe hadi kope,
panya wa ghala la unga,
na mama akacheka mpaka ugali ukaungua.

Wazungu wa bandari walikuja na viatu vya njumu.
Wetu walikuja na nyayo.
Matokeo siyataji: Ujiji kila mzee ana yake,
na kila mwaka yanaongezeka bao.
Ninalolijua ni hili.
Ntakije alikimbia na mpira kando kabisa ya uwanja,
Mzungu akanyoosha mkono: umetoka!
Baba akachechemea hadi pale,
akauokota, akaugeuza mbele ya refa:
ngozini, alama ya chokaa, mbichi.
"Mpira ulio juu ya mstari
bado ni wa ndani, bwana.
Sheria ni yenu."
Filimbi ikakubali.
Akaniambia ndiyo siku ya kwanza
neno lake kulishinda neno la mwenye gati.

Kisha uhuru. Kisha bendera,
na fundi Songoro akishona jezi za rangi zake
kwa uzi wa nyavu, maana uzi mwingine uliisha.
Kisha barua kutoka Dar es Salaam:
Ntakije aje, ajaribiwe, kuna Kombe la Gosage,
kombe lenye jina la kampuni ya sabuni
(mama alisema: basi walete na sabuni yenyewe).

Afisa alifungua faili.
Umezaliwa wapi?
Mtumbwini, bwana. Mama alikuwa anavuka.
Upande gani wa maji?

Hakuna aliyewahi kupaka chokaa ziwani.

Baba alisimama mlangoni na kofia mkononi.
"Bwana afisa, aliye juu ya mstari..."
Afisa alicheka, si kwa ubaya.
Akaandika. Akafuta. Akaandika.
Garimoshi la jioni likaondoka kuelekea Tabora
na kiti kimoja kimebeba kikapu cha migebuka.

Siku ya mechi redio iliwekwa juu ya pipa.
Wimbo wa taifa ulipopigwa
wengine bado walikuwa wanatafuta pa kukaa.
Ntakije alikuwa amesimama tayari,
mikono ubavuni, magamba ya samaki yakimeta vidoleni,
na hakukaa hadi dakika ya tisini.
Hata mapumziko hakukaa.

Sasa ndoo ninayo mimi.
Mjukuu wake anaangalia Taifa kwenye kibanda umiza pale Mwanga,
shavu moja kijani, shavu moja bluu,
akimtukana kocha kama mtu anayemtukana mjomba wake.
Hakuna anayemuuliza babu yake alizaliwa wapi.
Au wanauliza, siku za uchaguzi,
halafu Taifa ikifunga wanasahau, wanamkumbatia.

Duara la katikati hunishinda.
Lilimshinda na baba; uwanja wetu una yai.
Mvua za Novemba hufuta kila kitu, nami huanza upya,
hatua, kamba, hatua,
na nikifika kule pembeni, alikokimbilia Ntakije,
nauchora mstari mnene.
Mnene kupita sheria.
Marefa wageni hulalamika.
Mnene wa kutosha
mtu kusimama juu yake
kwa miguu yote miwili.