Nyota Tatu za Ukwaju

Niliiandikisha mimi, bila kumwambia,
usiku, umeme ulipopotea Kuze nzima
na simu yangu imebaki asilimia kumi na moja:
Shebwana, Dobi wa Kofia. Hufua, hutia wanga, hupiga pasi.
Nikabandika picha ya mlango wa buluu,
upande ule usiochubuka.

Asubuhi nikamweleza. Alikuwa na kofia ya vito,
akiivuta taratibu juu ya kalibu ya mbao
kama amvishaye mtoto aliyelala.
"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza,"
akasema, bila kuinua macho.

Ami, nikamwambia, chema kitajiuzaje
na kichochoro chenyewe kimepinda mara tatu,
na waliokijua wamehamia Kisauni, Bamburi,
wengine Kikowani, na huko hakuna arudiye?
Hakujibu. Akapuliza makaa ya pasi.

Nyota za kwanza zilitoka Toronto, tano,
kwa binamu Twalibu, ambaye kofia yake ya mwisho
tulimwazima sisi, siku ya harusi yake,
na hadi leo hajairudisha.

Za pili zilikuwa tatu:
"Juisi ya ukwaju nzuri, ila glasi ndogo."
Hatuuzi juisi.
Ramani ilikuwa imemtua mtu wa watu mlangoni kwa Bi Kulthumu,
akanywa, akalipa, akaenda zake ameridhika kiasi,
akatusifu sisi.
Ami alicheka hadi akaiweka pasi chini.
Akanituma nimpelekee jirani nyota zake.
"Glasi ndogo? Nani huyo?" Bi Kulthumu akauliza,
na tangu siku hiyo glasi zake ni kubwa.

Kisha ikaja moja, peke yake:
"Nimefika Ijumaa saa saba, pamefungwa. Sipendekezi."
Ijumaa saa saba!
Mtaa mzima wajua Ami yuko safu gani saa hiyo.
Lakini ramani haisikii adhana,
na mimi ndiye niliyejaza: wazi kila siku.

Akapiga simu kijana mwenye sauti ya mafuta:
nyota hamsini, elfu mbili na mia tano,
na maneno ya sifa atayatunga mwenyewe.
Nikaweka spika.
"Zauzwa kwa idadi?" Ami akauliza.
"Ndiyo, mzee."
"Basi hizo si nyota, mwanangu. Hizo njugu."

Mwezi wa Rajabu akaja mwanamke kutoka Nyali.
Gari ameliacha Makadara, simu ameitanguliza mbele kama dira,
kofia ndani ya mfuko wa plastiki.
Ya babake. Arubaini yake ilikuwa imepita juzi.
Ukingo wote rangi ya chai, jasho la miaka.
"Itoe uchafu," akasema, "lakini..."
akanyamaza.

Siku tatu. Ikatoka nyeupe,
ila ndani, pale paji la uso lilipokaa,
Ami aliacha kivuli hafifu
cha kuonwa na ajuaye pa kutazama.
Mwanamke akaipindua, akatazama. Akalipa,
akasahau chenji.

Nilingoja maneno yake wiki tatu,
nikichungulia simu kama chungu cha mbaazi.
Hakuandika kitu.

Ila Ramadhani ilipokaribia walikuja wanne
kutoka pande zile, kila mmoja na siku yake,
wala hapana aliyeshika simu.
"Tumeelekezwa," walisema.

Kwa hivyo usiniulize kama yafaa.
Nimefungua daftari la mikopo, nikapiga mstari katikati:
huku walioletwa na simu, huku walioletwa na mdomo.
Yule mwanamke nimemwandika pande zote mbili,
nikamfuta,
nikamwandika tena.

Na ile nyota moja ipo bado.
Nilitunga jibu refu, la hasira yenye adabu.
"Lisome," Ami akasema. Nikalisoma.
"Lifute."
Akageuza kofia juu ya kalibu, akanyunyiza maji.
"Mwandikie: Jumamosi tupo. Uje na kofia."