Ukuta Ndani ya Simu

Ilgonis ana miaka sitini na mmoja,
anatengeneza lifti za Riga tangu zile za milango ya kuvuta kwa mkono,
na simu yake ina ufa
kutoka pembe hadi pembe, kama mto kwenye ramani.

"Hii ni yangu," aliniambia siku ya kwanza,
akaibana kifuani kwa mkono wenye grisi.
"Nimeinunua kwa jasho langu. Kampuni haikuchangia hata chaja."
Nikamwambia: simu hatuitaki, Ilgonis,
twaomba chumba kimoja tu ndani yake,
pa kuweka ratiba, na namba za siri za milango arobaini na mitatu.
Nitajenga ukuta. Upande huu kazi, upande ule wewe.
Picha zako sizioni. Ujumbe wako siusomi.
"Mgeni akipewa sebule," akasema, "kesho ataulizia kitanda."
Akanitazama kama anavyotazama waya uliochubuka.
"Na ukuta huo, Dagnija, ufunguo wake anao nani?"

Nilinyamaza.
Ufunguo ninao mimi.
Hilo halimo kwenye fomu ya kurasa sita niliyompa atie sahihi,
au limo, ukurasa wa tano, kwa herufi za sisimizi.

Alitia. Watu hutia.
Akachagua namba ya siri, mfumo ukaikataa: fupi mno.
Akachagua nyingine: rahisi mno.
Ya tatu aliiandika akiwa amenipa mgongo,
nami nikageukia dirisha, nikahesabu tramu.

Kisha Februari, saa nane usiku,
namba nisiyoijua.
"Nimeiacha ndani ya tramu. Ya Imanta, ya mwisho."
Anapigia simu ya jirani; nasikia mtoto wa jirani akilia,
nasikia meno ya Ilgonis yakigongana.
"Milango, Dagnija. Milango ya watu."
Hakutaja kingine.

Nikawasha kompyuta juu ya meza ya jikoni, kando ya mkate.
Vitufe viwili, vimekaa kama mapacha:
Futa sehemu ya kazi.
Futa vyote.
Sera ya kampuni, niliyoiandika mimi mwenyewe
mchana mmoja nikiwa na njaa, yasema:
ikipita saa moja, vyote.
Ilikuwa imepita saa moja na dakika kumi na mbili.

Nimewahi kufuta simu nzima. Sitasema ya nani.
Hakuna kelele. Inakuja alama ndogo ya kijani,
na mahali fulani mtu anabaki hana jana.

Nilibonyeza cha kwanza.
Kisha hadi alfajiri nikabadilisha namba za milango,
mmoja mmoja, yote arobaini na mitatu,
nikamwandikia bosi barua fupi
isiyo na neno samahani.

Simu ilipatikana Jumatano kwenye karakana ya tramu,
chini ya kiti, imekwisha chaji.
Chumba changu ndani yake kilikuwa kitupu, kimefagiwa.
Ilgonis alikuja nayo ofisini. Hakushukuru,
si mtu wa shukrani, ni mtu wa kukaza skrubu mpaka iseme basi.
Akafungua upande wake wa ukuta,
akaniwekea kile kioo chenye ufa mbele ya macho:
mbwa wa kahawia, mzee, amelala ndani ya lifti iliyofunuliwa nyaya,
kichwa juu ya kisanduku cha vifaa.

"Hii hukuwahi kuiona?"
"Sijawahi."
Akaitazama kidogo, akaizima.
"Basi umeiona."